Vidonge vya Mama Mikunjo: Risala ya Wafuaji wa Mashuka

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe Mkurugenzi wetu, viongozi mlioko meza kuu, wafanyakazi wenzetu,

Karibu utuzindulie mashine mpya. Za zamani tumezizima ili utusikie, na kimya hiki chenyewe kinatutia wasiwasi, maana masikio yetu yamezoea kelele. Tumepewa dakika saba. Utuvumilie tukisoma harakaharaka.

SISI NI NANI

Tuko thelathini na wanne. Tunafua, tunakausha na kupiga pasi mashuka ya hospitali, saa kumi na mbili kwa siku, tumesimama.

MAFANIKIO

Mwaka huu hatujarudishiwa shuka hata moja. Sifa kubwa ni ya mwenzetu wa roli la pasi, silinda ya moto inayonyoosha mashuka; tunamwita Mama Mikunjo kwa sababu hakuna mkunjo uliompita. Ulipokuja kazini umenuna, alikuambia upitishe na uso wako kwenye roli. Leo hayupo, na hatuwezi kujisifu bila kusema kwa nini.

YALIYOMPATA

Mwaka jana aliinua kikapu cha mashuka mabichi, mgongo ukamkamata. Daktari alimwandikia vidonge vikali vya maumivu vya siku tano na mapumziko ya siku tano. Vidonge alivipata, mapumziko hakuyapata. Siku ya sita wifi yake, anayesimama naye kwenye roli hilo hilo, na ambaye ndiye aliyepewa karatasi hii asome, alitoa kidonge kama hicho kwenye mkoba wake akampa. Alimpa kwa huruma. Kesho yake akampa kingine, na wiki haikuisha kabla sote hatujamchangia. Mgeni rasmi, havikutoka kwa muuza dawa wa kichochoroni. Vilitoka mikobani mwetu.

Dalili tuliziona, tukazipa majina mengine. Aliposinzia amesimama, tulisema kachoka. Alipojikuna mikono mpaka ikachubuka, tulisema ni sabuni. Alipoanza kupekua mikoba yetu, tulisema ana shida nyumbani. Binti yake alikuja getini mara mbili kumwambia shangazi yake, yaani wifi huyo huyo, kwamba mama analala na viatu, na ukimwuliza jambo anajibu nusunusu. Shangazi alimwambia arudi nyumbani akasome.

Jumanne moja mchana wifi alisikia harufu ya kuungua. Alidhani ni shuka. Alipoinua macho aliona mkono wa Mama Mikunjo umelala juu ya roli la moto, na mwenyewe anamtazama, anatabasamu.

"Wifi, mkono wako," alimwambia.

"Upi?"

Neno hilo ndilo lililotuamsha. Wifi alimvuta, akazima mashine, akauweka mkono kwenye maji, akampeleka hospitali hiyo hiyo tunayoifulia. Huko alimweleza muuguzi kila kitu, akianzia na kidonge chake mwenyewe.

Mama Mikunjo alimnunia wifi yake. "Umeniuza," alimwambia, kisha akageukia ukutani. Kila akitoka kazini wifi alikwenda kumpikia uji, kumshikia beseni akitapika kwa kuachishwa vidonge, kumbadilisha nguo zilizolowa jasho. Wiki ya nne mgonjwa alimwomba asiondoke upesi. Leo ni wiki ya kumi na moja hajavigusa vidonge vile. Lakini hatulii. Anapiga simu mara nne kwa siku kuuliza kama nafasi yake ingalipo.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni barua ya kumwachisha kazi, iliyoko mezani kwako ikisubiri saini. Inasema alitumia dawa kazini. Ni kweli, alitumia. Ila barua ina jina moja tu. Wapo kati yetu ambao bado wanameza vidonge hivyo. Wakiiona imesainiwa, watajifunza jambo moja: kuficha vizuri zaidi.

MAOMBI

Barua hiyo isisainiwe. Aliyepona arudi kazini, hata kama ni kwenye kukunja tu. Mtu akiandikiwa kupumzika siku tano, apumzike siku tano. Muuguzi aje kila wiki, tumwone bila kupitia kwa msimamizi. Na viti. Mashine mpya ni nzuri, tumezizunguka tukazitazama, nazo hazina pa kukaa.

Ombi la mwisho halimo kwenye nakala yako. Jana tulipokuwa tukiandika tuliulizana ni wangapi wanaomeza ili wafike mwisho wa shifti. Ni tisa. Mzee wa mashine za kukaushia aliuliza, "Wakifukuzwa wote tisa, nani atafua?" Tulicheka, kisha tukaandika ombi hili.

Hao tisa wamekubali kusimama sasa hivi, mbele yako, akiwemo anayekusomea. Hatuombi makofi. Tunaomba uwatazame usoni, kisha utuambie tufanye nini.

Mwenyezi Mungu aupe moyo wako utulivu ambao sisi leo hatuna, na akurudishe salama kwa watu wako.

Ni sisi wafuaji wako: thelathini na watatu tulio hapa, na mmoja aliyeko nyumbani, ameshika simu.