Mutu wa Kushika Kamba

KAFULA: Haloo? Haloo! Ni nani anaongea huko?

NGOSA: Ni Ngosa, wa nyumba ya barafu, Kasenga. Nani ananiita?

KAFULA: Ngosa! Mudogo wangu! Ni Kafula, kaka yako. Niko Nchelenge, kwenye simu ya duka.

NGOSA: Yaya! Jambo, yaya! Ni... nani amekufa?

KAFULA: Hakuna mutu amekufa.

NGOSA: Ah! Patro, bwana wa kazi, alisema simu inatoka Rhodesia, nikaacha barafu chini, nikakimbia. Hapa kwetu simu ni ya musiba tu.

KAFULA: Hakuna musiba. Ni mukuki.

NGOSA: Ni nini?

KAFULA: Mukuki! Wa kambale! (Waya unalia.) Maji yameingia kwenye majani, kambale wamepanda, mimi niko naangalia tu!

NGOSA: Unapiga simu mpaka kwa Wabeleji sababu ya mukuki?

KAFULA: Karani amenipa dakika tano, usizimalize kwa kucheka. Niko nao hapa, mukuki na kamba yake. Jana nimepiga samaki, chuma kikachomoka kwenye mupini vizuri, kama siku zote. Halafu kamba ikatoka kwenye chuma. Samaki ameenda na chuma changu! Kimebaki kimoja. Lile fundo ulikuwa unafunga wewe, Ngosa.

NGOSA: Bon. Ngoja. Pitisha kamba kwenye tundu la chuma.

KAFULA: Nimepitisha.

NGOSA: Zungusha mara mbili. Halafu... halafu... Yaya, vidole vyangu vimezoea barafu, vinasahau. Ngoja nishike kitu. Nafunga na waya ya hii simu.

KAFULA: Usivunje simu ya batu!

NGOSA: Patro ananiangalia vibaya. Eh, ndiyo, njo hii! Rudisha ncha chini ya ile ya kwanza. Sio ya pili. Wewe unapitishaga chini ya ile ya pili.

KAFULA: Kila mvua unaniambia.

NGOSA: Na kila mvua haunisikie. Vuta!

KAFULA: (Anavuta, anahema.) Inashika. Eh, mudogo wangu, inashika!

NGOSA: Umeona? Na ncha ingine nani anashika?

(Kafula anakunja kamba.)

NGOSA: Yaya? Nani anakaa nyuma ya mutumbwi?

KAFULA: Simu inalia, sisikie.

NGOSA: Unasikia. Ni Mwewa?

KAFULA: Mwewa ni jirani. Tangu wakati wa baba hii kamba inashikwa na mutu wa tumbo moja na yule mwenye kurusha. Wewe mwenyewe unajua.

NGOSA: Basi nani?

KAFULA: Naifunga kiunoni.

NGOSA: Kiuno cha nani?

KAFULA: Changu. Cha nani mwingine?

NGOSA: Yaya! Kambale akikuvuta utaingia naye kwenye matope, hautatoka! Uko na wazimu?

KAFULA: Niko peke yangu, sio wazimu. Tangu tumemuzika muke wangu Matildah, mutu wa kwanza kuniita jina langu wiki hii ni karani wa duka. Na alilisoma kwenye karatasi.

NGOSA: (Polepole.) Pole, yaya.

KAFULA: Kipande chako cha mukeka kiko bado nyuma ya mutumbwi. Nakikung'uta, nakirudisha. Mvua hii ulisema unakuja. Mvua ile ingine pia ulisema.

NGOSA: Yaya, sikia. Chukua kibuyu —

KAFULA: Kibuyu cha nini?

NGOSA: Kikubwa, kikavu. Ziba mudomo na nta. Ncha ya kamba, funga kwenye shingo yake. Ukipiga samaki, achilia yote. Kibuyu kinaelea, samaki anakivuta mpaka anachoka, wewe unafuata polepole na kasia. Batu wenye kuvua peke yao wanafanya vile.

KAFULA: Batu wenye kuvua peke yao.

NGOSA: Njo vile.

KAFULA: Basi kibuyu ni cha mvua hii tu. Mpaka ufike.

(Waya unalia.)

KAFULA: Ngosa?

NGOSA: Nimetia kidole kwenye kontra ya kazi hapa, yaya. Mwezi uliopita. Miaka mitatu.

KAFULA: Mitatu.

NGOSA: Iko mwanamuke hapa, Eness, iko na mimba yangu. Nilitaka kukuandikia barua —

KAFULA: Haukuandika.

NGOSA: Niliogopa.

KAFULA: Kwa hiyo unanipa kibuyu pahali pako.

NGOSA: Usiseme vile!

KAFULA: Niseme namna gani? Tangu ujana nimezoea kusikia mutu anapumua nyuma ya mugongo wangu.

NGOSA: Na mimi? Unafikiri mimi niko muzuri? Nabeba barafu tangu asubuhi mpaka mikono inakufa ganzi. Samaki ya Nchelenge ikifika, nageuza kila kambale, natafuta kidonda cha mukuki wako. Kila siku, yaya. Sijaona hata kimoja.

KAFULA: Karani ananionyesha saa.

NGOSA: Niapie hautafunga kiunoni.

KAFULA: Musalimie huyo Eness.

NGOSA: Niapie kwanza!

KAFULA: Na mutoto akizaliwa —

NGOSA: Yaya, nakuomba! Sema tu utafunga kibuyu, nisikie na masikio yangu! Yaya! Sema —

(Waya unalia sana, halafu kimya.)

KAFULA: Haya. Nitafunga kibuyu. Umesikia, Ngosa? ... Ngosa? Haloo? Nimesema nitafunga kibuyu! ... Karani, mukwai, nakuomba, alikuwa bado iko pale wakati nilisema?