Jina Lililomfunga 'Mapuleng

Sogeeni, wanangu, nanyi wanachama wenzangu mnaosikiliza dirishani mkidhani siwaoni, kwa maana pumzi iliyobaki ni kidogo na sitaki kuzikwa na umbea wangu mwenyewe.

Nyumba ya mawe ni ya Moeketsi, ng'ombe wawili na mablanketi ni ya Limpho, na mkigombania nitajua. Lakini urithi mkubwa ni michoro yetu ya kuta, picha za miaka arobaini zilizomo kwenye kompyuta ya chama chetu cha wanawake wapaka kuta. Tangu Jumatatu hazifunguki, na mnasema mkamwana wangu 'Mapuleng ameziuza Bloemfontein. Aliyeanzisha maneno hayo ni mimi. Nilimnong'oneza 'Malerato peke yake, na kumwambia 'Malerato ni kama kupiga kengele ya kanisa.

Sasa sikieni kweli. Thulo, fundi wa Maseru, alipohamisha faili zetu kutoka seva kuukuu kwenda mpya, alizipa akaunti zote neno moja la siri, jina la marehemu baba yenu aliyetujengea ofisi pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa, akatutajia mimi na 'Mapuleng tu. Nikaliandika mimi kwa kidole kimoja, mashine ikalikumbuka, na hakuna aliyeliandika tena wala kulibadili. Kumbe neno la siri huishi siku tisini tu. Ya akaunti zote yalizaliwa siku moja, yakafa asubuhi moja, na mashine haipokei jipya mpaka uiandikie lile la zamani. Thulo akamuuliza kwa simu 'Mapuleng, aliyekuwa ameketi kwenye mashine, "Nimelisahau, 'm'e, mama yangu, neno la zamani lilikuwa lipi?" Akainamisha macho, maana mke gani wa ukoo huu atalitamka au kuliandika jina la baba mkwe wake? Mkasema kimya kile ni cha mwizi. Nami nilikuwa nimeketi palepale nakunywa chai, jina nalijua, nikanyamaza, eti kwa sababu aliukosoa uji wangu wa mtama mbele ya wageni.

Leo amefunga mizigo arudi kwao Quthing. Moeketsi, mtue mkeo huo mkoba begani. Limpho, wewe ni binti, jina la baba yako halikufungi: kaandike Khethisa, K kubwa, kisha 1938, bila nafasi katikati. Mashine ikitaka jipya, inuka kitini, akae 'Mapuleng, achague lake, na mtu asimuulize. Kuanzia leo mtunzaji ni yeye.

'Mapuleng, sogea... sauti inanikimbia. Nilikukosea, mwanangu. Kuta zote nilizopaka... zimo mikononi mwako. Mvua ya baraka iwanyeshee nyote, watoto wenu wapake kuta vizuri kuliko sisi... Nendeni, basi. Mtanililia mkishazifungua picha zetu.