Peniel Mughwai, Mlinzi wa Ngome ya Kilimatinde (1957–2024)

“Hata siku ya kumzika mke wangu mnaiba?” Ndivyo marehemu Peniel alivyowafokea wanawake waliokuwa wakipika chakula cha msiba, tarehe 3 Agosti 2013. Sufuria lilikuwa kubwa, mafiga ya nyumbani madogo, basi mdogo wake, Dorkas, akaokota mawe matatu chini ya ukuta wa ngome.

“Yameanguka yenyewe, kaka!”

“Yameanguka, hayajahama. Yarudishe!”

Dorkas naye ana mdomo. Yalipopoa aliyapakia kwenye toroli, akaenda nayo kwake. Tangu siku hiyo marehemu hakula tena nyumbani kwa Dorkas, hata Krismasi.

Marehemu alizaliwa hapa Kilimatinde tarehe 14 Machi 1957. Alisoma hapa hapa, darasa la kwanza hadi la saba, 1966 hadi 1972. Hesabu zilimshinda, ila mwandiko wake mwalimu aliubandika ukutani.

Mwaka 1976 alipata kibarua cha reli Manyoni. Walipopunguzwa kazi mwaka 1998, alipewa kulinda magofu ya ngome ya Wajerumani. Kibao cha urithi wa taifa kilikuwepo, lakini watu walibeba mawe wakajengea vyoo, na kila aliyekatazwa aliacha kumsalimia. Kila asubuhi alivaa viatu, akafungua daftari la wageni. Siku asipokuja mtu aliandika, “Hakuna.” Daftari la mwaka 2019 lina “Hakuna” kurasa tisa mfululizo. Tumelikuta chini ya mto wake.

Alifunga ndoa na Aneth tarehe 6 Septemba 1980, wakapata mtoto mmoja, Raymond. Baada ya mama yake kufariki, Raymond alimwomba baba ahamie kwake Itigi. Akajibiwa, “Nikija huko, mwezi mmoja tu pale patakuwa uwanja wa mpira.” Akabaki peke yake na ukuta wake.

Novemba mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Daktari akasema ni moyo. Dorkas alimpelekea uji hospitalini.

“Umeupikia wapi?”

“Kwenye gesi, kaka.”

Akanywa wote. Kisha akauliza, “Yale mawe bado yapo?”

“Yapo.”

“Usiyavunje.”

Hayo ndiyo waliyozungumza mara ya mwisho. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mtoto, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja.

Chakula cha leo, wapendwa, kimepikwa juu ya matofali. Mawe matatu yamerudi ngomeni asubuhi, kwa toroli lile lile, masizi yakiwa bado juu yake. Na kwenye daftari, chini ya “Hakuna” ya mwisho, Dorkas ameandika jina lake.

Kaka yetu alale salama. Hadai tena.