Don Melitón na Kilima Cheupe cha Los Alisos

Tarehe 30 Juni 1904, saa kumi na moja jioni, Don Melitón Archibeque atautundika mnyororo wake wa kupimia ukutani na hataushusha tena. Ameitumikia ofisi hii ya upimaji ardhi hapa Santa Fe kwa miaka thelathini na tisa. Amewaona wakuu tisa wakija na kuondoka, kila mmoja akimwahidi dawati jipya. Bado anatumia lilelile la zamani, na mguu mmoja wa dawati hilo bado umeegemezwa kwa tofali.

Alizaliwa mwaka 1838 katika kijiji cha Los Alisos, akiwa raia wa Mexico. Alipofikisha miaka kumi vita vya Mexico na Marekani vilikwisha, mkataba ukatiwa saini, naye akawa Mmarekani bila hata kuhama kitanda. Ukimuuliza siku hiyo ilikuwaje, atakuambia kwamba alikuwa mlimani akichunga mbuzi, na hakuna aliyepanda kumwarifu yeye wala mbuzi.

Alijiunga nasi mwaka 1865 akiwa mbeba mnyororo, kisha akawa mkalimani, na mara nyingi akafanya kazi zote mbili kwa mshahara mmoja. Wageni watakaosoma karatasi hii kwenye sherehe ya kumuaga wajue kazi yetu ni kuchukua hati ambazo vijiji vilipewa na mfalme wa Hispania, na baadaye na serikali ya Mexico, na kuzigeuza ramani ambazo Washington itazikubali. Hati husema mpaka unaanzia kwenye mti mkubwa na kuishia kwenye jiwe jekundu. Washington inataka namba. Don Melitón ndiye aliyekwenda kuutafuta huo mti, na ulipokuwa umeshakatwa, alimtafuta aliyeukata.

Mwendo wake wa kazi unajulikana. Huhesabu minyororo kwa sauti, na hawezi kumpita mtu bila kumuuliza hali ya mama yake na ya ng'ombe wake. Akimaliza salamu, hesabu imepotea, turudi mwanzo. Kuna maili moja karibu na Truchas tuliyoipima mara nne kwa sababu ilikuwa siku ya harusi na barabara ilijaa watu. Hata hivyo, maili hiyo ndiyo sahihi kuliko zote katika jimbo hili.

Mkaguzi mmoja kutoka Washington aliwahi kuomba aonje chakula cha Don Melitón. Alipewa bakuli la nyama iliyopikwa kwa pilipili nyekundu. Mkaguzi alilia, akanywa ndoo nzima ya maji, akasaini ripoti yetu bila kuisoma. Don Melitón anashikilia mpaka leo kwamba pilipili ile ilikuwa ya watoto.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenzangu wote wanalisubiri ili wacheke, yaani Kilima Cheupe. Kila mgeni anayeajiriwa hapa husimuliwa kwamba mwaka 1887 Don Melitón alitafsiri vibaya hati ya kijiji chake mwenyewe, akauweka mpaka wa kijiji kwenye kilima kisichohusika. Nimeisikia hadithi hiyo miaka kumi na saba na nimecheka pamoja nanyi. Leo naomba niisimulie mimi, Ambrose Tuttle, kwa sababu nilikuwepo.

Hati ya Los Alisos ilisema malisho ya kijiji yanafika mashariki hadi kilima cheupe. Mimi nilikuwa mchora ramani, miaka ishirini na sita, nimetoka Ohio juzijuzi na viatu vinanibana. Don Melitón aliniambia nisiandike chochote mpaka awaulize wenyeji, akaenda kuwauliza. Nami nikatazama mashariki, nikaona kilima cheupe kama unga. Nilikuwa na njaa. Nikakiandika kitabuni, nikachora mstari, na ramani ikaondoka na mjumbe kabla Don Melitón hajarudi.

Mstari ule uliiacha nje ya mpaka chemchemi, kuni zote na karibu malisho yote ya kondoo. Kampuni moja ya ng'ombe kutoka mashariki ilikuwa tayari imeleta waya wa kuzungushia. Wazee wa kijiji walisafiri siku tatu kwa punda hadi ofisini kwetu, na kila mzee alikuwa na kilima chake. Walibishana asubuhi nzima, na mkuu wetu wa wakati ule alikuwa ameshaanza kutazama saa.

Ndipo Don Melitón akamgeukia Doña Prudencia Quintana, bibi wa miaka sabini na mitano aliyekuja na mume wake na ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Alimuuliza wanawake wa Los Alisos huchimba wapi udongo mweupe wa kupaka kuta kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji.

"Si pale mlipochora," alisema bibi. "Pale ni mawe matupu, mwanangu. Mwaka wa sitini huu napaka kuta. Wewe umeshaona mtu anapaka mawe?"

Tulirudi naye. Kilima chake kilikuwa maili saba mbele, na ukikitazama kwa mbali ni kijani kitupu kwa miti ya mireteni. Upande wa nyuma kulikuwa na shimo kubwa kama kanisa, jeupe pepepe, lililochimbwa kwa mikono ya mabibi wa mabibi. Hapo ndipo tulipouweka mpaka, na mahakama ikaukubali. Vijiji vingi tulivyopima vimebaki na makaburi na bustani za maharagwe tu. Los Alisos bado wanachunga kondoo wao.

Mkuu alitaka kujua nani amekosea ili amfukuze. Kabla sijafungua mdomo, Don Melitón alisema ni yeye, ametafsiri vibaya. Hawakumfukuza, kwa kuwa hakukuwa na mkalimani mwingine, lakini walilifuta jina lake kwenye nafasi ya kiongozi wa kikosi cha upimaji, aliyoahidiwa tangu mwaka wa nyuma.

Nilimfuata zizini nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anamfunga nyumbu tandiko, wala hakugeuka.

"Wakikufukuza wataniletea mwingine kutoka huko kwenu, nianze kufundisha upya," alisema. "Wewe angalau hicho kilima hutakisahau mpaka unakufa."

Nafasi ile nilipewa mimi. Nimekuwa kiongozi wake kwa miaka kumi na saba, na kila Jumatatu amenisalimu kwa kuvua kofia, akaniuliza hali ya mama yangu kule Ohio. Nilinyamaza kwa woga, baadaye kwa mazoea, na ninaona aibu. Jana nilifungua kitabu cha mwaka 1887, nikakata jina lake penye kosa na kuandika langu kwa wino. Barua yangu iko mezani kwa mkuu.

Don Melitón, ofisi nzima inakushukuru. Nenda nyumbani Los Alisos, ukawasalimie watu njia nzima bila kuhesabu chochote, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na kondoo wanono. Kosa lilikuwa langu, na cheo kilikuwa chako.