Ng'ombe Mwekundu ni wa Marget

Sogeeni, wanangu, Davit na Marget, na wewe Mzee Gilruth wa kanisa simama hapo usikie, maana nimekuita uwe shahidi na pumzi yangu haitoshi kusema mara mbili.

Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi, nikamkuta mama mkwe amelala mgonjwa humu humu, ndani ya kitanda hiki kilichojengwa kama kabati, na baba yenu akaniambia, "Utamwangalia kidogo tu, Elspet, hadi theluji iyeyuke." Nikamwangalia hadi meno yangu ya mbele yakang'oka. Dada yangu Euphan alipokuwa anakufa ng'ambo ya kilima, moshi wa nyumba yake nauona nikiwa kisimani, nilivaa shali nikafika mlangoni, baba yenu akauliza, bila ukali wowote, "Na mama nani atamgeuza?" Nikaivua shali. Hakunipiga, hakunifunga kamba; aliuliza tu, na Euphan akazikwa mimi nikikoroga uji.

Juzi nililala humu milango ya kitanda imefungwa, mkadhani nimesinzia. Nikamsikia Wull Petrie, mchunga kondoo, amekuja tena kumposa Marget. Nilikusikia, Davit: "Dada yangu hana nafasi. Mama mgonjwa, na mimi sina mke." Wull akakujibu, "Si uoe, bwana, sura yako si mbaya kiasi hicho." Nilicheka nikauma blanketi. Kisha akaondoka, na Marget akaendelea kusugua sufuria bila neno, na ule ukimya niliutambua, ni wangu.

Davit, sina kinyongo nawe. Nyumba inabaki kwako, mwenye ardhi akipenda, pamoja na farasi, jembe na kiti cha baba yako. Ule ugomvi wa malisho na akina Petrie ulikuwa wa marehemu baba yako. Uzike pamoja nami. Lakini ng'ombe mwekundu ni uzao wa ng'ombe niliyepewa na mama yangu nikiolewa, na huyo nampa Marget. Mzee Gilruth, umesikia.

Marget, mwanangu, usingoje nife. Nikifa watakuja waombolezaji wanataka kulishwa, kisha yatafika mavuno, kisha Davit atashikwa na kikohozi, na daima kutakuwa na mtu wa kukuuliza swali kwa upole. Nenda mchana huu. Mzee Gilruth atakufikisha kwa mama yake Wull, na ndoa itangazwe Jumapili.

Unasemaje? Nani atanigeuza? Hapo umesema kwa sauti ya baba yako. Davit atanigeuza, mikono anayo. Na uji, Davit, chemsha maji kwanza, tia chumvi, kisha unga kidogo kidogo huku unakoroga, la sivyo utakula mabonge.

Inama, Marget, nikuwekee mkono... Mungu akutangulie njiani, akupe nyumba ambayo unatoka na kurudi upendavyo. Nawe Davit, akulainishe moyo, akupe mwenzi aliyekuja kwa hiari yake.

Mbona bado umesimama? Mfungueni ng'ombe.

Nyamaza kidogo... hizo ni kwato, juu ya mawe ya ua. Anakwenda. Anakwenda kweli...

Davit. Usimwite.