Saa ya Vifungo

Ndugu, majirani na mafundi wenzetu, poleni kwa msiba, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shemeji amehakikisha tarehe zote.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mama msusi wa mikeka na baba mwashi, akaanza darasa la kwanza mwaka 1965, akamaliza la saba mwaka 1971, na baada ya hapo, tusidanganyane mbele ya jeneza, akaangukia kwa vijana wa pale kona, ambao kazi yao ilikuwa kushindana matusi na ngumi, naye akawapita wote, hadi wakamwita Moto.

Mwaka 1974 mama alimpeleka kwa Babu Kipimo, mwenye karakana ya ushonaji, ambaye alimkalisha katikati yake na Mama Taratibu, mshonaji wa sare za shule asiyepandisha sauti hata sindano imchome, lakini wiki haijaisha Kaka akamrushia mteja mkasi, ukamkosa, tukajua kibarua kimeota nyasi, kumbe Babu akampa gazeti, akasema mdomo unaosoma hauna nafasi ya kutukana.

Maana pale karakana, kila baada ya chakula cha mchana, cherehani zote husimama, tukatia vifungo kwa mkono, na mmoja hutusomea, ndiyo saa ya vifungo, na Kaka ndiye aliyekuwa msomaji tangu siku ile, akijifunza kusikiliza kwa Mama Taratibu na kupima neno kwa Babu, hadi majirani wakigombana wakawa wanakuja kwake kupatanishwa, kwa Moto huyohuyo, kwani ukikaa karibu na pasi utapata joto tu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimwoa shemeji, aliyekuwa akituletea vifungo, akakaa siku moja asikie mwisho wa hadithi, hakuondoka tena, wakajaliwa watoto watatu, nesi, dereva na mwalimu.

Mei 2021 aliugua koo, sauti ikakatika, saa ya vifungo ikawa kimya, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa, akaninyooshea gazeti mimi, mpiga pasi, ambaye shule ilinipita kando, nikamwambia Kaka, hizi herufi ni kama watu wa mtaa wa pili, sura nazijua, majina siyajui, yeye akaniwekea kidole kwenye herufi, Mama Taratibu akaitamka kwa niaba yake, wenzetu wakanisubiri bila kunicheka, labda kidogo, mpaka Januari mwaka huu nikawasomea ukurasa mzima, na Kaka akapiga meza hadi vifungo vikamwagika.

Alifariki hospitalini, mchana wa Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotupikia na kulala nasi, na ninyi mafundi mlioshona suti aliyovaa, vifungo vyote kwa mkono.

Jumatatu, baada ya chakula, nitasoma mimi.

Leo cherehani zote zimesimama, Kaka, pumzika kwa amani.