Mzee Mwikwabe na Katoni ya Wageni

Baada ya miaka thelathini na saba kazini, Mzee Boaz Mwikwabe, karani wetu wa faili za vizazi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kiti chake kimehama mara moja tu, lakini kwenye droo yake nimehesabu mihuri sita ya ofisi, mitano kati yake haina kazi tena.

Alianza Homa Bay, eneo hili lote lilipokuwa bado wilaya moja ya Nyanza Kusini. Wilaya ilipogawanywa, yeye na faili walipakiwa lori moja kuja Migori. Kuria nayo ikakatwa, baadaye Rongo, mwishowe zikaja kaunti. Kuna wananchi waliozaliwa wilaya moja na kuozesha mabinti katika nyingine bila kuhama boma.

Tangu mwaka ule wa lori, Mzee alikuwa ameacha kuwauliza watu wilaya. Aliwauliza mama zao walikuwa wakiuza soko gani, kwa sababu mipaka huchorwa upya lakini soko la Rangwe liko Rangwe. Alizipanga faili hivyo: Rangwe, Mbita, Isebania na mengineyo. Wakaguzi walinuna, ila faili ilifika mezani kabla chai yao haijapoa.

Nyumbani huongea Kikuria, na Kidholuo chake kimewachekesha akina mama wa samaki kwa miaka mingi. Alijua kwamba Msabato hapigiwi simu Jumamosi, na kwamba Ijumaa adhuhuri hutampata mwenye duka Mwislamu.

Januari hii alikuja Kaltum Noordin, mwenye duka la vitambaa mjini, akitafuta kumbukumbu yake ya kuzaliwa. Binti yake Shamima alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Bila karatasi ya mama hangepata kitambulisho, na bila kitambulisho nafasi ingekwenda kwa mwingine mwezi Julai. Mzee akauliza swali lake la siku zote. Safari hii halikusaidia: mama yake Kaltum hakuuza sokoni, alikuwa na duka. Kwa miezi minne alipekua rafu zote, hata akakosa chai ya saa nne, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mwezi Mei akakumbuka. Mwaka ule wa lori, akiwa kijana mwenye haraka, hakujua familia za Waislamu wa mjini aziweke soko gani. Alitia faili zao kwenye katoni, akaandika juu yake WAGENI, akaipandisha juu ya kabati na kuisahau. Zilikuwa faili kumi na nane, zote za watu waliozaliwa hapa hapa. Ya Kaltum ilikuwa ya tatu.

Angeweza kumpa karatasi yake akanyamaza. Badala yake aliishusha katoni mbele yetu sote, akamwonyesha alichoandika, akaomba msamaha. Kaltum alisoma lile neno, kisha akasema kwa sauti iliyofika mapokezi:

"Mzee, mimi nimezaliwa hapa nyuma ya posta. Dholuo naongea kukushinda. Sasa kati yetu mgeni ni nani?"

Mzee akachukua kalamu, akalikata lile neno. Nilimwonea aibu, na nikampenda zaidi.

Wiki zilizobaki alizunguka mjini kwa miguu, duka hadi duka, akiwatafuta wenye zile faili nyingine kumi na saba. Zote sasa ziko kwenye rafu mpya aliyoiandika kwa mkono wake: Migori Mjini, Kila Siku, maana maduka hayangoji siku ya soko. Shamima alipata kitambulisho wiki jana, akaja kutuonyesha wote, hata mlinzi.

Mzee anarudi kwao karibu na Isebania. Katoni tupu aliiomba, na tunaambiwa kuku tayari anaatamia ndani yake. Asante kwa kazi, Mzee. Upumzike vizuri, na ng'ombe wako wakupe maziwa ya kutosha. Kitambaa kilichopamba meza ya leo ya kukuaga kimeletwa na Kaltum. Ametuagiza tukwambie kwamba ukija mjini upite dukani kwake unywe chai, na usibishe hodi kama mgeni.

Joyline Ratemo, Mapokezi